Kilo Moja Iliyopotea: Kukompaili kwa Masharti na Bendera za Vipengele katika Programu za Simu

Msimu mmoja, kwenye kituo cha kununulia mwani katika pwani ya wilaya ya Micheweni, Pemba, mama mmoja alileta magunia matatu, na kwa bahati mizani ikayasoma sawasawa: kilo 20, kilo 20, kilo 20. Karani aliziingiza namba hizo katika simu yake, gunia moja baada ya jengine, na programu ambayo mimi ni mmoja wa walioiandika ikatoa stakabadhi ya kilo 59. Mama yule aliisoma, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na kompyuta mpakato yangu. “Mwanangu,” alisema, “mizani imesema ishirini mara tatu. Kilo yangu moja imekwenda wapi?”

Sikuweza kumjibu pale pale, na jambo hilo liliniuma. Jibu nililipata usiku, Chake Chake, baada ya kuzisoma kumbukumbu za matukio za simu ile. Kati ya gunia la pili na la tatu simu ilikamata mtandao kwa dakika chache, ikavuta mipangilio mipya kutoka kwenye seva, na kanuni ya kukata asilimia 5 kwa ajili ya unyevu, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imezimwa, ikawaka. Magunia mawili yalihesabiwa kwa kanuni ya zamani na la tatu kwa kanuni mpya. Kilo ile ililipwa asubuhi yake. Lililobaki ni swali la namna programu moja, katika simu moja, ndani ya stakabadhi moja, ilivyoweza kuwa na kanuni mbili, na kulijibu vizuri kunataka kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo waandishi wengi wa programu, na hasa vijana wanaoanza, huvichanganya: kukompaili kwa masharti, na bendera za vipengele. (Kukompaili ni kuugeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa lugha ya mashine.)

Anayevitazama kwa mbali ataona kuwa vyote viwili vinafanya kazi moja, yaani vinaifanya sehemu fulani ya programu iwepo au isiwepo. Kinachovitofautisha ni wakati ambao uamuzi unafungwa. Fundi asiyetaka upepo uingie chumbani anaweza kuujenga ukuta mzima bila ya kuacha nafasi ya dirisha, au anaweza kuliweka dirisha kisha akalitia komeo. Kwa anayelala humo usiku ule hakuna tofauti, lakini mwenye nyumba akibadilisha shauri, katika hali ya kwanza atahitaji nyundo na saruji, na katika hali ya pili atanyoosha mkono tu. Kukompaili kwa masharti ni ule ukuta: uamuzi unapitishwa programu inapojengwa, na msimbo uliokataliwa haumo kabisa ndani ya kifurushi kinachomfikia mtumiaji. Bendera ya kipengele ni lile komeo: msimbo umo, umeshasafiri mpaka kwenye simu ya karani, na kinachoamua kama utatumika au hautatumika ni thamani inayosomwa programu ikiwa tayari inaendeshwa.

Njia ya kwanza ni kongwe. Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipata mapema hatua ya utangulizi ambayo huupitia msimbo kabla ya kompaila kuugusa, ikisoma mistari inayoanza kwa #if au #ifdef na kuishia kwa #endif, na kuyatupa yote yaliyomo baina yao iwapo sharti halikutimia. Swift, lugha ambayo Apple iliitangaza mwaka 2014, imerithi maandishi hayo hayo ijapokuwa inayafanyia kazi kwa namna yake. Ukiandika #if DEBUG, msimbo unaofuata utaingia katika toleo la majaribio tu. Ukiandika #if os(iOS), utaingia pale tu unapojenga kwa ajili ya iPhone na iPad. Matumizi yake ya haki ni yale ambayo jibu lake linajulikana kabla ya programu kutoka mikononi mwako: anwani ya seva ya majaribio, kitufe cha kujaza data za uongo, msimbo unaoitegemea maktaba ambayo katika mfumo mwengine haipo kabisa.

Kuna mitego miwili hapa ambayo ninaitaja kwa sababu haitoi sauti. Wa kwanza ni kosa la herufi. Katika Swift, mtu akiandika #if DEBGU badala ya #if DEBUG, kompaila haimwambii kitu. Sharti lisilojulikana huhesabiwa kuwa si kweli, msimbo wake unatupwa, na kazi inaendelea kana kwamba hapana lililotokea. Wa pili ni uozo. Katika Swift sehemu iliyokataliwa hukaguliwa muundo wa sentensi zake tu, wala haikaguliwi kama majina na aina zilizotajwa humo zipo kweli. Ukibadilisha jina la funksheni leo, sehemu zote zinazotumika zitalalamika papo hapo, lakini ile iliyofichwa nyuma ya sharti itanyamaza mpaka siku mtu atakapojenga toleo linaloihusu, na huenda ikawa ni miezi sita baadaye, usiku, na mteja anasubiri. Dawa tunayoitumia ni kuijenga programu kwa masharti yake yote kila msimbo unapobadilika, hata yale matoleo ambayo wiki hiyo hatuna haja nayo.

Kwa upande wa Android mambo yana sura nyengine, na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana Kotlin, lugha inayotumiwa sana kuandikia programu za Android, haina #if. Badala yake, Gradle, chombo kinachojenga programu, hukuruhusu kutangaza aina za ujenzi, kwa kawaida debug na release, na juu yake ladha za bidhaa, kwa mfano ladha ya karani na ladha ya msimamizi, kila moja ikiwa na folda yake ya msimbo na picha. Folda ya src/debug huingia katika toleo la majaribio pekee, na toleo la kutolewa halioni hata kivuli chake. Huo ni ukuta wa kweli. Lakini kuna njia ya mkato inayopendwa zaidi, nayo ni kuandika sharti la kawaida linalouliza thamani ya BuildConfig.DEBUG, inayoeleza kama hili ni toleo la majaribio. Hii inafanana na bendera kwa umbo na inafanana na ukuta kwa nia, na kwa hakika iko katikati. Thamani ni thabiti, imewekwa wakati wa kujenga, kwa hiyo tawi lisilowezekana, yaani upande wa sharti usioweza kufikiwa, huweza kuondolewa. Hata hivyo madarasa (vipande vya msimbo), maandishi na picha vilivyokuwa vikitumiwa na tawi hilo peke yake hubaki ndani ya kifurushi mpaka R8, chombo cha Android cha kupunguza msimbo, kivifagie, na R8 haifanyi kazi hiyo kama hukuiwasha. Inafaa kujua pia kwamba tangu toleo la 8.0 la programu-jalizi ya Gradle ya Android, lililotoka mwaka 2023, faili la BuildConfig halitengenezwi tena mpaka uombe.

Flutter nayo, zana ya Google ya kuandikia programu, inayotumiwa sana na vijana ninaokutana nao hapa Unguja kwa kuwa inawapa Android na iPhone kwa msimbo mmoja, iko katika hali hiyo hiyo ya katikati. Thamani kama kDebugMode na kReleaseMode ni thabiti, na kompaila ya Dart, lugha ya Flutter, inapojenga toleo la kutolewa hulikata tawi lisilofikika. Unaweza pia kupitisha thamani zako mwenyewe kwa --dart-define na kuzisoma kwa bool.fromEnvironment, mradi uweke mbele yake neno const, linaloifunga thamani wakati wa kujenga. Na ukikosea jina la ufunguo hutaambiwa, utapewa thamani ya msingi kimya kimya, kama ilivyo kwa herufi zilizopinduka katika Swift.

Sasa tuje kwenye komeo. Kwa nini mtu apeleke msimbo kwenye simu za watu hali ya kuwa hataki utumike? Mwandishi wa tovuti anaweza asihitaji sana, kwa sababu akikosea huirudisha seva yake katika hali ya jana kwa dakika chache. Programu ya simu ikishatoka imetoka. Google Play na App Store huruhusu kuitoa kidogo kidogo. Apple, kwa wale walioruhusu masasisho ya moja kwa moja, huigawa kwa siku saba, ikianzia asilimia 1 na kupitia 2, 5, 10, 20 na 50 mpaka kufika 100, na unaweza kusimamisha ugawaji huo katikati. Lakini kusimamisha si kurudisha. Simu iliyokwishapokea toleo bovu hubaki nalo mpaka utoe jengine lenye namba kubwa zaidi, ambalo nalo litapitia ukaguzi wa duka, kisha litamsubiri mtumiaji alipakue. Karani wa kijijini anayenunua bando la siku hatalitumia bando hilo kupakua programu ambayo kwa macho yake inafanya kazi. Nimewahi kukuta simu zikiendesha toleo tulilolisahau sisi wenyewe. Kwa mazingira hayo, kuweza kukizima kipengele kibovu kwa kubadilisha thamani moja kwenye seva ni jambo la lazima, na ndiyo maana huduma kama Firebase Remote Config ya Google zimeenea kiasi hiki.

Utaratibu wake ni huu. Programu huwekewa thamani za msingi ndani yake yenyewe tangu inapojengwa. Ikipata mtandao huvuta thamani mpya kutoka kwenye seva na kuziweka akibani, kisha kwa hatua ya pili, iliyo mbali na ile ya kwanza, huzifanya zitumike. Firebase kwa kawaida haivuti upya kabla ya saa 12 kupita tangu mara ya mwisho, labda uubadilishe muda huo. Hatua hizi mbili zimetenganishwa makusudi, na sisi tulizigandisha pamoja: thamani ilipovutwa tu, ilitumika. Hapo ndipo kilo ya mama yule ilipopotelea.

Tulichokifanya baadaye ni kuifunga thamani mwanzoni mwa kazi. Karani anapofungua stakabadhi mpya, programu huzisoma bendera zote zinazohusu hesabu, huzinakili ndani ya stakabadhi hiyo, na kuanzia hapo mpaka stakabadhi ifungwe haitazami pengine popote. Mtandao ukija katikati, mabadiliko yatamhusu muuzaji anayefuata. Tena stakabadhi yenyewe inaandika, kwa maneno yanayosomeka, kanuni iliyotumika: “kato la unyevu: asilimia 5” au “kato la unyevu: hakuna”. Naona hili la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa kuwa bendera ni jambo letu waandishi, lakini mizani na pesa ni mambo ya mama anayeamka kufuata maji yakitoka, na ana haki ya kuiona kanuni aliyohesabiwa kwayo.

Kuna jambo jengine ambalo mtandao wa mashambani hulifichua upesi, na ambalo kwa anayeandika programu mjini, mtandao ukiwa haukatiki, linaweza kupita miaka bila ya kuonekana. Maelezo mengi ya huduma hizi huitaja thamani ya msingi kama akiba ya dharura, kitu kinachotumika pale seva isipopatikana. Kwa karani ambaye kituo chake kinapata mtandao mara moja kwa siku, na siku nyengine kisipate kabisa, thamani ya msingi ndiyo programu yenyewe. Mtu aliyeiweka programu upya asubuhi, akaenda pwani bila ya kuifungua mahali penye mtandao, atafanya kazi siku nzima kwa thamani zilizojengwa ndani. Kwa hiyo thamani ya msingi isichaguliwe kwa haraka kama namba ya kujazia nafasi; ichaguliwe kana kwamba seva haitapatikana milele, na kila toleo jipya linapotoka zipitiwe upya ili zifanane na hali halisi ya siku hiyo. Na kanuni inayobadilisha malipo, ambayo ni lazima ianze siku moja kwa wote, isitegemee kuwashwa kutoka mbali; ipelekwe mapema ikiwa na tarehe yake ndani, na kila simu iifuate kwa kalenda yake, iwe na mtandao au isiwe nao.

Asilimia nazo zinataka uangalifu. Bendera nyingi huwashwa kwa sehemu ya watumiaji: huchukuliwa kitambulisho cha mtumiaji pamoja na jina la bendera, vikasagwa kwa hesabu ya heshi kuwa namba moja, namba ikagawanywa kwa 100, na baki ikilinganishwa na asilimia iliyowekwa. Njia hii ni nzuri kwa kuwa mtu yule yule hupata jibu lile lile kila siku bila ya seva kumkumbuka. Jina la bendera likiachwa nje ya hesabu hiyo, wenye namba ndogo watakuwa wao kwa wao ndio wanaojaribiwa kila kitu kibichi, jambo ambalo si haki. Lakini asilimia 5 ya makarani 40 ni watu wawili, na watu wawili hawakuonyeshi chochote. Kwa programu zenye watumiaji wachache, kama nyingi tunazoziandika visiwani, afadhali kuchagua kituo kimoja kwa jina, kuzungumza na karani wake, na kumwambia wazi kwamba yeye ndiye wa kwanza.

Tena bendera si kufuli. Nimeona programu ambamo ukurasa wa msimamizi umefichwa kwa bendera, na mwandishi akaamini kuwa umelindwa. Kifurushi cha Android kinaweza kufunguliwa na kusomwa na yeyote mwenye subira, na thamani iliyohifadhiwa ndani ya simu inaweza kubadilishwa na mwenye simu. Kinacholinda ni seva kukataa ombi la asiye na ruhusa. Siri ambayo haitakiwi kuonekana isiwemo kabisa ndani ya kifurushi, na hiyo ni kazi ya ukuta, si ya komeo. Apple nayo, katika masharti yake ya ukaguzi, inakataza vipengele vilivyofichwa au vilivyolala ambavyo havikuelezwa, kwa hiyo anayepeleka kipengele kilichozimwa akitaje katika maelezo ya wakaguzi.

Kisa kinachojulikana zaidi cha bendera iliyogeuka msiba hakikutokea kwenye simu, ila kinazihusu simu kuliko kilivyozihusu seva. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilianza kuweka programu mpya katika seva zake nane. Programu hiyo iliitumia tena bendera ya zamani, ambayo zamani iliwasha msimbo ulioachwa kutumika tangu mwaka 2003 lakini haukufutwa. Seva saba zilipata msimbo mpya, ya nane haikupata. Bendera ilipowashwa tarehe 1 Agosti, saba zilifanya kazi mpya na ya nane ikaufufua ule msimbo wa kale, ukaanza kununua na kuuza bila ya kikomo. Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440.

Hizo zilikuwa seva nane, zote za kampuni yenyewe, na bado moja ilisahauliwa. Mwandishi wa programu za simu ana seva zisizo zake, kila moja mfukoni mwa mtu, kila moja katika toleo lake. Kwake yeye ile seva ya nane ipo kila siku. Kwa sababu hiyo jina la bendera lisitumiwe mara ya pili kwa maana nyengine, hata likiwa zuri vipi na hata ikionekana kuwa hakuna anayelitumia, kwa kuwa simu yenye toleo la zamani italisoma kwa maana ya zamani.

Tena kila bendera huzidisha mara mbili idadi ya hali ambazo programu inaweza kuwamo. Bendera 10 ni hali 1,024, na bendera 20 ni zaidi ya milioni moja. Hapana timu inayoweza kuzipima zote, na kusema kweli nyingi hazitatokea. Zinazopasa kupimwa ni mchanganyiko unaotumika leo, ule unaotarajiwa kesho, na ule wa thamani za msingi peke yake, simu ikiwa imezimwa mtandao. Huu wa mwisho ndio unaosahauliwa zaidi, na ndio ambao sisi hatukuwa tumeupima.

Njia ya kupunguza wingi huo ni kuzifuta bendera zilizomaliza kazi. Pete Hodgson, katika makala yake ya mwaka 2017 inayosomwa sana na wenye kazi hii, alizigawa bendera kwa kazi zake: za kutolea kipengele, za majaribio, za uendeshaji, na za ruhusa. Mgawanyo huo unasaidia kwa sababu umri wa kila aina ni tofauti. Ya uendeshaji, kama ile ya kuzima uchapishaji wa stakabadhi pale printa zinapoleta matatizo, inaweza kukaa miaka. Ya kutolea kipengele haina haki ya kuishi zaidi ya wiki chache baada ya kipengele kuwafikia wote. Sisi siku hizi hatukubali bendera iingie katika msimbo bila ya kuandikiwa jina la mtu anayeisimamia na tarehe ya kuifuta, na jaribio la kompyuta hushindwa tarehe hiyo ikipita, ili asiweze mtu kusema amesahau.

Kufuta nako kuna mpangilio wake. Huondolewa kwanza tawi la zamani katika msimbo, kisha toleo hilo hutolewa, na bendera kwenye seva huachwa pale pale, ikiwa imewashwa, mpaka simu ya mwisho yenye toleo linaloiuliza iwe imebadilishwa. Bendera ya kato la unyevu tuliiondoa katika msimbo zamani. Kwenye seva bado ipo, kwa sababu kuna simu moja upande wa kaskazini ya Pemba ambayo kila ikipata mtandao huiuliza, na karani wake ameniahidi kuisasisha siku atakayokuja Wete.